Gari Likifa Pemba: Mirathi Inagawiwa, Madeni Analipa Nani?

Kila mwenye gari kisiwani Pemba anajua gari linavyoingia: linashuka melini Mkoani, likiwa limetoka Unguja au Dar es Salaam, na kabla ya hapo Japani au Dubai. Namna linavyotoka ni habari nyingine, kwa sababu magari mengi yakishaingia hayatoki tena. Huuzwa na kuuzwa tena, kutoka kwa mtumishi wa serikali wa Chake Chake kwenda kwa mfanyabiashara wa Wete, kutoka kwake kwenda kwa dereva wa Konde, mpaka siku injini inapogoma kabisa na matengenezo kuwa ghali kuliko gari lenyewe. Siku hiyo gari huwekwa juu ya mawe, na uchinjaji huanza.

Kuchinja gari ni kulifungua kipande kwa kipande na kuuza kila kinachofaa. Ni kazi inayolisha watu wengi na inayoyaweka barabarani magari ambayo bila kazi hiyo yangesimama. Lakini ina upande ambao hauzungumzwi sana. Watu wa Pemba, karibu wote wakiwa Waislamu, wanajua vyema utaratibu wa mali ya marehemu: azikwe kwanza, madeni yake yalipwe, wasia utekelezwe, ndipo warithi wagawane kilichobaki. Gari linapokufa, utaratibu huo hupinduliwa. Warithi hugawana mapema sana, tena kwa ustadi mkubwa. Maziko na madeni hubaki bila mwenyewe. Oili chafu, asidi ya betri, matairi na bodi tupu ni madeni hayo, na wanaoyalipa ni watu ambao hawakuonja mirathi.

Kwa nini Pemba haina soko la magari mabovu

Miji mikubwa ya Afrika Mashariki ina masoko yanayojulikana kwa spea za mitumba. Nairobi ina Grogan na Barabara ya Kirinyaga, Kampala ina Kisekka, Dar es Salaam ina Gerezani pale Kariakoo. Ng'ambo ya bahari, Waswahili walioko Ghuba wanalijua soko la Sharjah, ambako magari yaliyogongwa huchinjwa na injini zake kusafirishwa kwa makontena hadi pwani yetu. Pemba haina mahali pa namna hiyo, na sababu zake ni tatu.

Ya kwanza ni hesabu ya watu na magari. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 543,441 kisiwani, katika eneo lisilofika kilomita za mraba 1,000. Magari yanayokufa kila mwaka katika kisiwa cha ukubwa huo hayatoshi kumshawishi tajiri kukodi kiwanja, kuajiri walinzi na kusubiri wateja.

Ya pili ni bima. Huko Ulaya na Marekani, viwanja vya magari mabovu hulishwa na kampuni za bima. Gari likigongwa vibaya, kampuni humlipa mwenyewe thamani yake, huchukua mabaki na kuyapiga mnada. Wenye magari wengi kwetu hukata bima ndogo, ile inayomlinda mtu mwingine atakayegongwa. Gari likipinduka, hasara yote ni ya mwenyewe na mabaki ni yake, naye hana haraka ya kuyauza. Huyaweka nyuma ya nyumba akitumaini kwamba siku moja pesa za karafuu au za ndugu aliyeko Oman zitalifufua.

Ya tatu ni magari ya umma. Gari la serikali likiharibika haliwezi kuuzwa kienyeji. Zanzibar ina sheria ya 2016 ya manunuzi na uondoshaji wa mali za umma, inayotaka tathmini, idhini na ushindani wa wanunuzi. Utaratibu huo ni mzuri kwa kuzuia ubadhirifu, lakini kutu haisubiri vikao. Ukicheleweshwa, gari lililoingia uani likiwa na injini nzima linafika mnadani likiwa limekwisha thamani, na pengine limeshanyofolewa taa na vioo.

Kwa hiyo soko la spea la Pemba limetawanyika: gari moja nyuma ya gereji, mawili kwenye ua wa mtu, moja chini ya mwembe kando ya barabara. Orodha ya mali iko vichwani mwa mafundi. Fundi mzoefu wa Wete anajua Carina imelala wapi, nani ana Hiace iliyoungua injini lakini giaboksi yake nzima, na nani hauzi kwa sababu bado anangoja. Simu ndiyo duka lake. Ukimpelekea gari lenye alteneta mbovu, hupiga simu tatu kabla hajakutajia bei.

Toyota na siri ya spea kuingiliana

Mfumo huu usingewezekana kama magari ya kisiwani yangekuwa ya kila aina. Unawezekana kwa sababu mengi ni Toyota, na Toyota hutumia injini moja katika magari mengi. Injini ya 1NZ imo ndani ya IST, Raum, Probox, Spacio, Premio na Allion za lita moja na nusu. Gari moja lililokufa linaweza kuokoa ndugu zake watano. Ndiyo maana mnunuzi makini wa Pemba, kabla ya kuuliza bei ya gari, huuliza injini yake, na akiambiwa ni D4 husitasita. Injini hizo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, na mafuta yakiwa machafu mfumo huo huharibika, na spea yake ni adimu na ghali. Mafundi wengi hupendekeza injini yote ing'olewe, iwekwe ya kawaida.

Magari haya huja kwetu kwa sababu ya mambo yanayoamuliwa mbali. Japani huyakagua magari kwa ukali kupitia ukaguzi uitwao shaken: gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama yake humfanya Mjapani aone nafuu kuliuza gari ambalo bado linatembea vizuri. Usukani uko kulia kama wetu. Mwaka 2000 Dubai ilifungua eneo huru la biashara ya magari huko Ras Al Khor, na magari ya usukani wa kulia yakapata kituo cha njiani kuelekea Afrika Mashariki. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya 2020 ilionyesha kuwa kati ya 2015 na 2018 Ulaya, Japani na Marekani ziliuza nje magari madogo yaliyotumika milioni 14, na asilimia 40 yalikuja Afrika.

Serikali za jirani zilijaribu kuubana mlango huo. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, Uganda tangu 2018 imekataa yaliyozidi miaka 15, na Tanzania Bara hutoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu. Hatua zote hizo hushughulika na umri wa gari linapoingia. Siku yake ya mwisho haimo ndani ya hesabu.

Mpangilio wa mgawo

Uchinjaji una utaratibu wake. Kinachoondoka mwanzo ni kile kinachofunguliwa kwa dakika chache na kuuzika siku hiyo hiyo: betri kama bado inashika moto, rimu zenye matairi, redio, taa, vioo vya pembeni. Hufuata stata, alteneta, rejeta na kompresa ya kiyoyozi. Kisha injini na giaboksi, zinazohitaji winchi na mnunuzi wa uhakika. Milango, boneti na bampa husubiri mtu aliyegongwa. Siku hizi kuna mrithi mpya anayekuja mapema kuliko wote, mnunuzi wa sega la kusafishia moshi lililo ndani ya ekzosi, lenye chembe za platinamu, paladiamu na rodiamu. Huuzwa kwa wakala, likasafiri mbali, na mwenye gari mara nyingi haambiwi lina thamani gani.

Baada ya fundi wa magari hufika mafundi wengine. Ekseli na magurudumu hupachikwa chini ya gari la ng'ombe, lile linalobeba mchanga, mawe na nazi mashambani. Mapande ya springi huenda kwa wahunzi, kwa kuwa chuma chake kigumu hutoa panga, shoka na mundu wenye makali ya kudumu. Pistoni na vichwa vya injini vya aluminiamu huyeyushwa na kusubiwa kuwa masufuria. Matairi hukatwa kuwa katambuga na mikanda ya kufungia mizigo. Risasi ya betri hukalibiwa kuwa chubwi za mishipi na nyavu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mtu akitaka ushahidi wa methali hiyo aende nyuma ya gereji yoyote ya Chake Chake.

Faida yake ni kubwa, na inastahili kutambuliwa. Kisiwa hakizalishi hata nati moja ya gari. Kila spea mpya lazima ivuke bahari, na nauli ya mzigo huongezwa juu ya bei ya Dar es Salaam. Daladala inayosimama wiki nzima kwa kungoja spea ni wiki ya wanafunzi na wachuuzi kutembea kwa miguu. Spea ya gari lililo jirani huondoa kungoja huko. Zaidi ya hayo, fundi anayefahamu kazi yake ataipendelea spea orijino iliyotumika kuliko mpya ya bandia iliyofungwa katika boksi lenye nembo ya kuiga. Ya kwanza imeshathibitishwa na barabara. Ya pili inajaribiwa na abiria.

Cha kununua na cha kukataa

Hata hivyo, si kila kilichofunguliwa kinafaa kufungwa kwingine. Kanuni ya busara ni kutenganisha spea ambayo ikishindwa itakusimamisha njiani na ile ambayo ikishindwa itakuua.

Mlango, boneti, kioo, taa, kiti, stata na alteneta ni mali ya kununua bila hofu, ilimradi uione ikifanya kazi. Injini inunuliwe baada ya kuwashwa ikiwa bado ndani ya gari, au angalau baada ya kupimwa kompresheni silinda moja moja. Angalia chini ya kifuniko cha oili: utelezi wa rangi ya chai ya maziwa ni dalili kwamba maji na oili vimekutana. Giaboksi ya otomatiki ichunguzwe kwa rangi na harufu ya mafuta yake. Mekundu na safi yanatia moyo. Meusi yenye harufu ya kuungua yanaonya.

Spea za kukataa zinajulikana pia. Brekipedi, mipira ya breki, boljointi, mikanda ya usalama, mikanda ya taimingi na mifuko ya hewa huchakaa kwa ndani, na macho hayatoshi kuyapima. Matairi yaliyokaa juani juu ya mawe huonekana mazima huku mpira umekwisha nguvu. Pemba inaongeza adui wa ziada, ambaye ni chumvi. Kisiwa kina mvua nyingi na hakuna mahali palipo mbali na bahari. Gari lililolala misimu miwili ya masika bila kufunikwa huliwa na kutu mahali pasipoonekana, hasa mabomba ya breki, chesisi na vikombe vya springi. Anayetoa vipande vya namna hiyo kwenye gari lililokufa na kuvifunga kwenye daladala anahamisha kifo kutoka gari moja kwenda jingine.

Wizi na karatasi

Kila soko la spea za mitumba hufuatwa na tuhuma ya wizi. Nairobi, mtu akiibiwa taa au vioo, hutaniwa aende Grogan akavinunue tena. Kenya ilionja ukali wa jambo hili Januari 2022, pale Rais Uhuru Kenyatta aliposimamisha biashara yote ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kukaa gizani. Marufuku iliondolewa Mei mwaka huohuo kwa masharti mapya ya leseni. Funzo lake ni kwamba biashara isiyo na kumbukumbu huadhibiwa yote kwa kosa la wachache.

Pemba ina bahati ambayo miji hiyo haina. Gari zima haliwezi kutoroshwa kirahisi katika kisiwa chenye bandari chache, na watu hujuana. Lakini kujuana hakutoshi kwa betri, kioo au sega linaloingia kwenye mkoba. Gari linapochinjwa, kadi yake mara nyingi hubaki kabatini na usajili wake hubaki hai katika vitabu. Namba ya chesisi ya gari lisilokuwepo ni kishawishi kwa mtu mwenye gari la wizi. Dawa yake haihitaji mitambo: mchinjaji awe na daftari lenye namba ya chesisi, jina la muuzaji na tarehe, na usajili wa gari ufutwe kabla ya spana ya kwanza kushika nati.

Madeni ya marehemu

Sasa tuje kwenye kile ambacho hakuna anayekigombania.

Kwanza ni oili chafu. Gari dogo hubeba lita tatu na nusu hadi nne katika injini, mbali na za giaboksi na difu. Nyingine hupakwa kwenye boriti kuzuia mchwa. Nyingine humwagwa chini. Shirika la kulinda mazingira la Marekani linaeleza kuwa oili ya kubadilisha mara moja tu inatosha kuharibu kiasi kikubwa sana cha maji ya kunywa. Pemba watu wengi hutegemea maji ya ardhini, na gereji nyingi ziko katikati ya makazi. Kinachomwagwa uani kina njia ya kurudi kwa ndoo.

Pili ni betri. Ina kilo kadhaa za risasi na asidi kali. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwenye ubongo. Mfano haupo mbali. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, uliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri tangu 2007 hadi kilipofungwa 2014. Phyllis Omido, mama aliyefanya kazi hapo na mwanawe akaugua, aliongoza madai yaliyompa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, na baada ya vuta nikuvute ya rufaa Mahakama ya Juu ikairejesha 2024. Anayeyeyusha betri jikoni kwa ajili ya chubwi anafanya kidogo kidogo kile kilichoufanya mtaa huo kuwa kesi. Hata masufuria ya kusubu hayana usalama wa moja kwa moja: uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo, umekuta risasi ikitoka kwenye vyombo vilivyotengenezwa kwa aluminiamu chakavu.

Tatu ni matairi. Yakiachwa hujaa maji ya mvua, na mbu wa Aedes, anayeeneza homa ya dengi na chikungunya, hupenda kutaga humo. Yakichomwa hutoa moshi wenye sumu. Nne ni gesi ya kiyoyozi, inayoachiwa hewani mara bomba linapokatwa. Tano ni bodi tupu. Chuma chake kina soko katika viwanda vya nondo vya bara, lakini bila mashine ya kukandamiza, bodi hujaza chombo kabla ya kukitia uzito, na nauli humla mfanyabiashara. Basi bodi hubaki, na kutu huingia ardhini.

Nani alipe?

Jibu jepesi ni kumlaumu fundi. Lakini fundi hakuliagiza gari, hakulitoza ushuru, na hana mahali pa kupeleka debe la oili hata akitaka. Tutazame kule magari yalikotoka.

Sheria ya Japani ya urejelezaji wa magari, iliyoanza kutumika kikamilifu Januari 2005, humtaka mnunuzi aweke amana mapema, kwa kawaida kati ya yen 6,000 na 18,000, kwa ajili ya kuondoa gesi ya kiyoyozi, mifuko ya hewa na mabaki ya kusagwa. Yaani marehemu huwekewa gharama za maziko akiwa bado mzima. Gari likiuzwa nje ya nchi, aliyelisafirisha anaweza kudai arejeshewe amana hiyo. Gari linakuja Pemba. Pesa za maziko yake zinabaki Japani. Na kuna jambo linalouma zaidi: mfuko uleule husaidia visiwa vya mbali vya Japani kulipa hadi asilimia 80 ya gharama ya kuyasafirisha kwa meli magari yaliyokufa. Wajapani walishatambua kuwa kisiwa hakiwezi kuondoa magari yake mabovu bila msaada. Kisiwa chetu, kinachopokea magari yaleyale, hakimo katika hesabu hiyo.

Kudai amana hizo zifuate gari ni hoja halali ambayo Tanzania inaweza kuipeleka katika mazungumzo ya kimataifa, pamoja na mataifa mengine yanayoagiza magari hayo. Lakini kuna yanayowezekana bila kumngoja Mjapani. Kiribati, nchi ya visiwa vidogo katika Bahari ya Pasifiki, hutoza amana kwenye kila betri ya gari inayoingia na kuirejesha kwa anayeipeleka betri mbovu kituoni. Zanzibar ina sheria ya mazingira ya 2015 na mamlaka yake, ZEMA. Kisiwa chenye bandari chache ndicho mahali rahisi zaidi pa kutoza tozo ndogo ya maziko ya gari, kwa kuwa hakuna gari linaloingia bila kuonekana. Uzito wa tozo hiyo utategemea jambo moja tu: ifunguliwe akaunti yake na itumike kwa kazi hiyo, isimezwe na mfuko mkuu.

Kitu cha kwanza cha kujengwa kwa fedha hizo ni kiwanja kimoja karibu na Mkoani, chenye sakafu ya saruji, mapipa ya oili chafu, chumba cha betri, paa la matairi na mashine ya kukandamiza bodi. Mafundi wa sasa ndio wapewe nafasi humo, kwa leseni nafuu, ili wasifukuzwe na tajiri mgeni. Vituo vya mafunzo ya amali vya Vitongoji na Daya Mtambwe vina vijana wanaosoma ufundi. Kuchinja gari kwa usalama kuwe somo mojawapo. Maabara ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi, inayotafiti afya ya jamii kisiwani tangu 2000, iombwe kupima maji ya visima vilivyo jirani na gereji, tujue ukubwa wa deni kabla ya kulilipa.

Wakati hayo yakisubiriwa, mwenye gari ana wajibu wake. Ukilitoa gari lako lichinjwe, futa usajili wake, uliza oili itamwagwa wapi, na usimpe mtoto betri ya kuchezea wala mvuvi ya kuyeyushia jikoni. Spea umeuza na pesa umepokea. Dawa ya deni ni kulipa.